Kinini, kizunguzungu na milango midogo ya sikio la ndani (uzi mrefu, someni polepole)

Mwalimu_Kadutu

Jambo bandugu. Uzi huu nimeuahirisha wiki tatu. Leo umeme umerudi mapema, wacha niuandike.

Mama yangu ana miaka 67. Mwezi uliopita malaria ilimwangusha, tukampeleka kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, akatundikiwa chupa ya kinini. Usiku wa pili akaniita. Nilimkuta ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi siku ya upepo. "Masikio yanalia kama nyenje," akasema, "na hii nyumba inazunguka." Nikamwambia afumbe macho. "Nikifumba inazidi." Mhudumu wa zamu akasema ni tension, yaani presha ya damu, itashuka. Akapima: 12 kwa 8, ya kawaida tu. Akakunja mashine yake, akaenda, hakurudi tena kutuambia chochote.

Mimi nafundisha biolojia. Miaka kumi na minne nachora sikio ubaoni, na kila mwaka nikifika kwenye mifereji mitatu ya nusu duara nasema "hii ni ya usawa wa mwili", napiga mstari, nahamia jicho. Usiku ule, mbele ya mama yangu mwenyewe, sikuwa na neno la kumwambia. Tangu hapo nimekuwa nasoma. Nataka niwaeleze nilichokikuta, maana sijawahi kukiona kimeandikwa kwa lugha yetu.

Sikio la ndani limechongwa ndani ya mfupa wa fuvu. Sehemu ya kusikia imejikunja kama konokono. Sehemu ya usawa ina viungo vitano kila upande: ile mifereji mitatu, inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko viwili, utrikuli na sakuli, vinavyohisi kichwa kikiinama au mwili ukisukumwa. Pikipiki ikishuka Kadutu kwa kasi halafu dereva akakanyaga breki, vifuko hivyo ndivyo vinavyokupa habari kabla hujafikiri lolote.

Ndani ya kila kiungo kuna seli zenye nywele. Nywele zikiinama, milango kwenye ncha zake inafunguka, potasiamu inaingia, seli inasisimka. Hapo kalisiamu nayo inaingia, na seli inamwaga kemikali iitwayo glutamati upande wa neva. Neva ina vipokezi vya kuishika glutamati hiyo, hasa vile vinavyoitwa AMPA. Kipokezi kikishikwa kinafunguka, na ishara inakimbilia ubongo.

Jaribuni kitu hapo mlipo. Shika simu, soma mstari huu huku ukigeuza kichwa kushoto na kulia harakaharaka. Unasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise simu kwa kasi ileile. Hausomeki. Mara ya kwanza sikio ndilo lililoyashikilia macho yako: kutoka kichwa kugeuka hadi jicho kujibu ni kama milisekunde 10. Macho yakiachiwa kazi hiyo peke yake hayawahi.

Sasa nafika pale paliponinyima usingizi. Seli hizi zenye nywele ni za aina mbili. Aina ya kwanza ina umbo la kibuyu, na neva imeivika kikombe kizima hadi shingoni. Aina ya pili ni kama kopo refu, neva zinaigusa kwa vifundo vidogo tu. Samaki na vyura wana aina ya pili peke yake. Kibuyu na kikombe chake vinaonekana kwa mijusi, ndege na sisi wanyonyeshao. Na ndani ya kikombe hicho kuna ujanja: potasiamu inayotoka kwenye seli inajaa kwenye ule ufa mwembamba na kuisisimua neva moja kwa moja, bila kungoja glutamati. Ndiyo maana njia hiyo ina mbio sana.

Halafu, kinyume na nilivyokuwa nikifundisha, habari haziendi upande mmoja. Ubongo nao unatuma neva kurudi sikioni. Ni chache, mia kadhaa tu za seli kwenye shina la ubongo, na kemikali yao kubwa ni asetilikolini. Asetilikolini hiyo ikifika kwenye seli ya aina ya pili, inakuta kipokezi kiitwacho alfa-9 alfa-10. Kinafunguka, kalisiamu kidogo inaingia, kalisiamu inafungua mlango wa potasiamu jirani yake, potasiamu inatoka, seli inatulia. Lakini asetilikolini hiyohiyo ikimwagika kwenye kikombe cha neva, hatua chache tu pembeni, inakuta vipokezi vya aina nyingine, na neva inachangamka. Vingine vinaichangamsha mara moja, vingine, vya muskarini, vinaichangamsha polepole na kwa sekunde nyingi.

Kemikali ni moja. Huku inatuliza, pale inaamsha. Anayeamua ni kipokezi. Nilikuwa nadhani dawa "inaingia mwilini" kama maji kwenye shamba; kumbe inatafuta mlango wake, na mlango huohuo unaweza kuwa na kazi nyingine mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapafikiria.

Na kinini ni mojawapo ya dawa zinazoziba hicho kipokezi cha alfa-9 alfa-10.

Nitarudi kumalizia, betri inaisha.

Matelo_wa_Ziwa

Mwalimu, aksanti. Mimi niko Goma, kazi yangu ni kwenye boti za Goma–Bukavu. Upepo ukiamka katikati ya ziwa, nusu ya abiria wanatapika. Nawaambia watoke nje, watazame milima ya Idjwi, wasikae chini wakiangalia simu. Wengi wanapona wakifanya hivyo, lakini sijui kwa nini. Na wale wanaomeza prometazini wanalala mpaka bandarini, tunawaamsha kwa kuwatingisha. Dawa ya tumbo inalazaje mtu?

Nsimire_wa_Nguba

Nimesoma mpaka mwisho nikalia kidogo, samahani.

Tonton yangu, ndugu wa mzazi wangu, alitibiwa kifua kikuu zamani, akachomwa sindano za streptomisini kila siku kwa miezi miwili. Kifua kilipona. Lakini tangu hapo anatembea kama amekunywa, na hajawahi kugusa pombe. Mchana anajikaza. Usiku umeme ukikatika hawezi kushuka hata ngazi tatu za nyumbani, anashika ukuta kwa viganja vyote viwili. Akiwa anatembea barabarani hawezi kusoma kibao cha duka. Lazima asimame kwanza, ndipo herufi zinatulia. Watu wa mtaa wamemwita mlevi miaka ishirini. Masikio yake yanasikia vizuri, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiria sikio.

Kitu kimoja tu cha ajabu: kwenye boti hatapiki kamwe. Tukivuka kwenda Goma sisi wote tumelala chini, yeye anakula ndizi.

Mwalimu_Kadutu

Dada Nsimire, pole sana, wewe na tonton. Ulichokiandika ni maelezo kamili kuliko vitabu nilivyosoma, hadi hiyo ndizi.

Streptomisini ilipatikana Marekani mwaka 1943, na ndiyo dawa ya kwanza iliyopigana kweli na kifua kikuu. Tangu wagonjwa wa mwanzo ilionekana inaumiza usawa. Inaingia kwenye seli zenye nywele kupitia ileile milango ya kwenye ncha, inanaswa ndani, inaiua seli. Na zile za umbo la kibuyu ndizo zinazotangulia kufa. Kwa streptomisini mara nyingi usawa unaondoka na kusikia kunabaki. Kuku akiharibikiwa na seli hizo anaotesha nyingine, jambo lililothibitishwa mwaka 1988. Binadamu aliyekwisha kuzipoteza hivyo harudishiwi.

Ndiyo sababu kibao cha duka kinacheza. Lile jaribio la simu nililowapa, kwa tonton linashindikana: kichwa kinatikisika kwa kila hatua na hakuna kinachoyashikilia macho. Gizani ni vilevile. Mwili unasimama kwa mashahidi watatu, macho, sikio na nyayo. Sikio lilikwisha kunyamaza, usiku unaondoa macho, amebaki na nyayo peke yake kwenye udongo wa Bukavu unaoteleza.

Na ndizi! William James, Mmarekani, aliandika mwaka 1882 kuhusu viziwi ambao hawakupata kizunguzungu walipozungushwa, na miongoni mwao wapo waliovuka bahari iliyochafuka bila kuugua. Kichefuchefu cha safarini kinahitaji sikio la usawa lililo hai. Likinyamaza pande zote mbili, mawimbi hayana pa kupigia.

Kwa hiyo Kaka Matelo, jibu lako limo humo humo. Chini ya boti macho yanasema "tumetulia, ukuta hausogei", sikio linasema "tunapanda, tunashuka". Ukimtoa mtu nje akatazama Idjwi, macho yanaanza kukubaliana na sikio. Unawatibu sawasawa. Prometazini nayo inaziba vipokezi vya histamini vya aina ya kwanza pamoja na vile vya muskarini, tena ndani ya ubongo, mahali habari za sikio zinapopokelewa. Lakini histamini hiyohiyo ndiyo inayouweka ubongo macho. Ukiiziba, mtu analala. Wamezeshwe kabla ya kupanda, siyo wakiwa wameanza kutapika, maana hapo kidonge hakikai tumboni. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe kabisa.

Mmezoea kuona ua la tarumbeta, lile kubwa linaloning'inia kwenye nyua nyingi huku? Lina skopolamini, ambayo inaziba vipokezi vya muskarini na inatumika kweli kama dawa ya kichefuchefu cha safari. Kwa vipimo vya kiwandani tu! Majani na maua yenyewe yanamtia mtu wazimu na yanaweza kumuua. Mtu asiniletee habari ya kuchemsha chai.

Enfirmiye_Panzi_Kwetu

Mwalimu nakuheshimu, lakini nina neno. Nimetundika chupa za kinini miaka kumi na tisa. Watu wakisoma uzi wako watakimbia dawa, na malaria kali inaua kwa siku mbili. Masikio kulia, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kufifia kidogo, hayo yanajulikana toka zamani na kwa kawaida yanaisha kinini ikitoka mwilini. Mgonjwa anayesikia kengele masikioni mara nyingi ni mgonjwa aliyepata kipimo kinachofanya kazi.

Na umeruka jambo kubwa: kinini inashusha sukari ya damu. Mtu mzima aliyelala siku mbili bila kula, chupa inaingia, anasema nyumba inazunguka, mimi kitu cha kwanza napima sukari. Tension siyo ya kwanza. Pale mwenzetu alikosea, na hilo linaniuma kama mtu wa kazi hiyo. Halafu kasi ya chupa: kinini inashuka polepole, kwa saa nne. Ikiachwa ikimbie, moyo ndio unaolipa.

Tena kwa malaria kali siku hizi sindano ya artesuneti ndiyo inayotangulia. OMS, Shirika la Afya Duniani, ilipendekeza hivyo kwa watu wazima mwaka 2006, na kwa watoto mwaka 2011. Kinini inabaki pale artesuneti haipo.

Mwalimu_Kadutu

Yaya enfirmiye, nakubali yote, na la sukari nalichukua kwa mikono miwili, sikuliwaza. Hakuna hapa anayeambiwa akatae kinini. Mama yangu yuko hai kwa ajili yake. Sisi wa Bukavu hasa hatuwezi kuidharau: miti ya kinkina imepandwa kwenye milima yetu tangu enzi za Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitoa kinini kwenye maganda yake hapahapa mjini. Nikiwa mtoto nililamba kipande cha ganda hilo, na uchungu wake ulikaa nyuma ya ulimi mpaka jioni.

Nilichotaka kumalizia ni hiki. Kipokezi cha alfa-9 kilielezwa mwaka 1994, na mwanamke aliyeongoza kazi hiyo ni Ana Belén Elgoyhen wa Argentina. Mwenzake, alfa-10, alifuata mwaka 2001. Njia yao ilinipendeza: walichukua maagizo ya kijeni ya panya, wakayadunga kwenye yai la chura, wakangoja yai lijenge kipokezi juu ya ngozi yake. Halafu wanalimwagia asetilikolini na kupima umeme unaopita. Tena chura mwenyewe ni wa Afrika, yule mwenye kucha miguuni. Mwaka 2005 watu wa Buenos Aires walionyesha kwamba kinini inakiziba kipokezi hicho, na klorokwini vilevile. Dawa za jamii ya streptomisini nazo zinakiziba. Na la kushangaza zaidi: kipokezi hiki ni cha ukoo unaoitwa wa nikotini, lakini nikotini yenyewe ikikifikia haikifungui, inakiziba.

Hilo halikifanyi kipokezi hiki kuwa mshitakiwa peke yake. Kinini inagusa pia seli za nywele za upande wa kusikia, inagusa sukari kama alivyosema yaya. Mimi ninachotaka ni jambo dogo: mgonjwa akisema nyumba inazunguka baada ya chupa, aulizwe kuhusu masikio, apimwe sukari, itazamwe kasi ya matone. Asifungiwe mdomo kwa neno "tension".

Papa_Bahati

Mimi munganga aliniandikia betahistini miezi mitatu. Pesa ya kilo ishirini za maharagwe kila mwezi. Sikio langu la kushoto linajaa, linavuma, halafu dunia inageuka saa mbili, tatu. Hiyo inagusa mlango gani?

Mwalimu_Kadutu

Papa, dalili ulizotaja zinafanana na ugonjwa unaoitwa wa Ménière, kwa jina la daktari Mfaransa aliyesema mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha namna hiyo kinatoka sikioni, wakati wenzake waliamini ni ubongo. Lakini kuthibitisha ni kazi ya munganga wa masikio akiwa na kipimo cha kusikia.

Betahistini ina sura ya histamini. Inafungua kidogo kipokezi cha aina ya kwanza, na inaziba kwa nguvu kile cha aina ya tatu, ambacho kazi yake ni kuzuia histamini isimwagike nyingi. Kwa hiyo ni karibu kinyume cha prometazini. Msizimeze pamoja bila kuuliza. Ulaya inaandikwa sana. Lakini Ujerumani waliwagawa wagonjwa 221 wa Ménière, wengine betahistini, wengine kidonge kisicho na dawa, miezi tisa. Matokeo yalitoka mwaka 2016: mashambulizi yalipungua kwa wote, na betahistini haikushinda. Usiiache leo kwa sababu yangu. Mpelekee munganga swali hilo, pamoja na bei ya maharagwe.

Mama_Riziki

Mimi kwangu ni kitandani tu. Nikijigeuza kulia, paa linazunguka, nusu dakika, linaacha. Nikikaa sawa sina shida. Nimemeza kila kitu.

Enfirmiye_Panzi_Kwetu

Mama Riziki, hapo vidonge vinahangaika bure. Kwenye vile vifuko viwili kuna punje ndogo za chokaa. Zikichomoka zinaingia kwenye mfereji, na kila ukijigeuza zinabingirika na kusukuma maji yaliyomo. Vipokezi vyako ni vizima, vinapeleka habari viliyopewa. Habari yenyewe ndiyo ya uongo. Punje zinatolewa kwa kugeuza kichwa. Daktari Epley wa Marekani aliieleza njia hiyo mwaka 1992.

Ukae kitandani, kichwa kigeuke nusu kuelekea upande mbaya, kulia kwako. Ulale chali haraka, mto uwe chini ya mabega, kichwa kining'inie kidogo. Paa litazunguka, vumilia, ngoja dakika moja. Bila kuinuka, kigeuze kichwa upande wa kushoto, dakika nyingine. Kisha mwili wote uulalie ubavu wa kushoto, uso utazame sakafu, dakika. Halafu ukae polepole. Mtu awe karibu nawe. Kama una shida ya shingo, au umepooza popote, au maneno yanakwama mdomoni, usifanye, njoo hospitali siku hiyohiyo.

Mama_Riziki

Nimefanya jana usiku na leo asubuhi, mume wangu ameshika saa. Jana paa lilizunguka mpaka nikamkwaruza mkono. Leo limetikisika tu likasimama. Mungu awabariki.

Nsimire_wa_Nguba

Mwalimu, na tonton? Kama seli zimekufa, ndiyo basi?

Mwalimu_Kadutu

Seli hazirudi, dada, lakini ubongo unaweza kufundishwa kutegemea zaidi macho na nyayo. Andika herufi moja kubwa kwenye karatasi, ibandike ukutani usawa wa macho yake. Asimame hatua mbili mbele yake, mgongo karibu na kiti, aitazame herufi huku akigeuza kichwa kushoto na kulia, kwanza polepole, kwa dakika moja. Mara tatu kwa siku, na kasi iongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki. Herufi ikianza kucheza, apunguze. Usiku awe na fimbo na tochi, na kwenye kadi yake ya hospitali iandikwe kwa wino: hapewi sindano za jamii ya streptomisini wala jentamisini bila munganga kujua yaliyompata.

Nsimire_wa_Nguba

Nimeandika herufi B, ya Bukavu, kwa makaa kwenye nyuma ya kalenda. Ameuliza mara mbili kama kweli ni sikio. Nikamwambia ndiyo tonton, ni sikio. Akaniambia nimwite yule jirani wa ng'ambo aje asikie na yeye.